Maswali ya sedani: betri mbili mwaka mmoja na gari bado haiwaki

Wiki hii maswali ni mengi, na karibu yote yana sentensi moja inayofanana: "nimeshabadilisha hiki na kile lakini tatizo liko palepale". Jamani, spea sio dawa ya kuonja. Haya tuanze, nimeyafupisha maswali manake mengine yalikuja na historia ya gari tangu ilipozaliwa.

Fundi habari. Gari yangu nikiipaki usiku, asubuhi haiwaki, inafanya tk-tk-tk tu. Nimebadili betri mara mbili ndani ya mwaka, sasa fundi anasema alteneta. Ninunue?

Usinunue bado. Hiyo tk-tk-tk ya harakaharaka ni umeme mdogo, ingekuwa "ta!" moja nzito alafu kimya ningekwambia tuangalie stata au nyaya zake. Lakini swali ni nani anaimaliza hiyo betri usiku, na hilo halijibiwi kwa kununua betri ya tatu.

Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi inatosha. Asubuhi kabla hujagusa kitu pima kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 ujue iko nusu, chini ya 12 hiyo imekwisha. Ibusti, gari iwake, iache injini itembee kidogo, pima tena: ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 alteneta inachaji. Sasa iwashie mzigo, taa kubwa, feni ya ndani, hita ya kioo cha nyuma, kama bado iko juu ya 13.5 basi alteneta yako haina kesi na huyo fundi amebahatisha. (Kuna sedani za siku hizi kompyuta inapunguza chaji makusudi ukiwa safarini, kwahiyo ukiona 13 kasoro barabarani usipige kelele.)

Kama chaji ni nzuri, kinachobaki mara nyingi ni umeme unaovuja gari ikiwa imezimwa. Weka mita kwenye ampia, fungua waya wa nagetivu, unganisha mita katikati ya waya na betri, funga milango yote, funguo weka mbali, alafu SUBIRI. Hapa ndo watu wanaharibu, wanapima dakika ya kwanza wanaona ampia mbili wanashtuka, kumbe kompyuta za gari bado hazijalala, nyingine zinachukua hata nusu saa. Zikishalala inatakiwa isizidi ampia 0.05 hivi. Ukikuta 2, piga hesabu mwenyewe: ampia 2 kwa masaa 12 ni 24, na betri ya sedani nyingi ni 45 mpaka 60, yani karibu nusu ya betri imeliwa umelala. Na tafadhali usipige selfu mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaiunguza fyuzi yake.

Mimi nilishawahi kusaka mvujo wa hivi siku mbili nzima. Nimechomoa fyuzi, nimekagua redio, nimeshuku alamu, wapi. Mwisho nikaweka simu inarekodi video ndani ya buti nikafunga. Kuangalia video, taa ya buti inawaka tu kama kawaida, haizimi, swichi yake ilikuwa imevunjika kipande. Nikaigusa ile taa, ya moto kama kikombe cha chai. Kwahiyo anza na buti na kile kidroo cha mbele ya abiria, alafu ndo uende kwenye fyuzi moja moja.

Taa zangu zinachezacheza, vioo vinapanda kwa uvivu, mshale wa temperecha unaruka nikiwasha indiketa. Betri mpya.

Ethi, yani waya wa nagetivu unaofungwa kwenye bodi. Mambo matatu yasiyohusiana yakianza kuumwa pamoja, usitibu moja moja. Fuata waya mweusi mnene unaotoka nagetivu mpaka unapofungwa kwenye bodi, na mwingine unaokwenda kwenye injini au gia boksi. Fungua bolti, utakuta kutu au unga mweupe-kijani, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Unataka uhakika, mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye kichwa cha nagetivu, mwingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige selfu. Ikipita nusu volti huo waya unasumbua.

Shikamoo fundi. Sedani yangu inachemsha kwenye foleni tu, nikipata barabara ya wazi temperecha inashuka. Fundi alishatoa themostati akasema haina kazi.

Marahaba. Kwanza huyo aliyetoa themostati airudishe. Ile inaifanya injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo, bila yenyewe injini inafanya kazi ya baridi, inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na tatizo lako wala halijaguswa.

Sasa wewe umeshajijibu nusu. Ukiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, ukisimama anayevuta upepo ni feni. Kwahiyo angalia feni. Washa gari, washa na AC, kwenye gari nyingi feni inatakiwa kuzunguka hapohapo. Haizunguki? Fyuzi, rilei, soketi yake (mara nyingi imeungua plastiki), mota yenyewe, kwa mpangilio huo. Feni ikizunguka vizuri, chungulia katikati ya rejeta na kondensa ya AC, pale panajaa vumbi na wadudu mpaka panakuwa kama blanketi, na ukiangalia kwa mbele tu huoni kitu.

Ingekuwa kinyume, yani inachemsha ukiwa spidi, ningeshuku rejeta imeziba ndani, wota pampu, au themostati inayokwama.

Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yanachemka kwa 100 lakini mle ndani yako kwenye presha kwahiyo yanaweza kupita hapo bila kuchemka, ukifungua presha inaondoka ghafla na yote yanageuka mvuke usoni kwako. Nimeona mkono wa mtu ulioungua hivyo, ngozi ilitoka kama glavu. Ukiona pia oili imegeuka kama maziwa, au mapovu hayaishi kwenye rejeta, au kulanti (maji ya rejeta) inapungua na huoni inapovujia, hapo simama, mara nyingi ni gasketi ya hedi hiyo, usiendelee kuongeza maji kila kituo.

Taa ya cheki injini inawaka-inazima-inawaka, gari inatetemeka ikiwa sailensa (imewaka tu, haitembei). Nimeweka plagi mpya zote. Mashine ya kupima imetoa kodi ya hitilafu P0302.

Mkuu, taa ya kublinki ni tofauti na taa ya kuwaka tu. Ikiwaka tuli una muda wa kupanga ukague lini. Ikiblinki maana yake injini inamisi (silinda inashindwa kuunguza mafuta yake) kiasi kwamba mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguzwa kwenye masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi, na masega yakiyeyuka utatamani ungekodi gari ya kuvuta. Kanyaga taratibu, simama.

P0302 inasema silinda ya 2 ndo inamisi. Haijasema kwanini, na hapo ndo wengi wanaichukulia kodi kama orodha ya manunuzi. Kama gari yako ina koili (inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) moja kwa kila silinda, toa ya silinda ya 2 weka kwenye ya 3, ya 3 weka kwenye ya 2, futa kodi, endesha kidogo. Ikirudi P0303, koili ndo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302 koili iko salama, nenda kwenye nozeli inayopuliza mafuta, nayo unaweza kuihamisha hivyohivyo, alafu mwisho kabisa pima kompresheni. Ukiwa umeitoa koili angalia lile shimo la plagi, kama kuna oili imejaa mle, sili za kava ya valvu zimechoka, utabadilisha koili mpaka uchoke na wewe.

Stelingi inatetemeka. Nibadili shokapu?

Hujaniambia inatetemeka lini! Ukikanyaga breki tu, diski za mbele zimepinda au zimelika vibaya. Bila breki, kuanzia kilometa 80 hivi kwenda juu, balansi ya tairi au rimu. Spidi zote, kagua tairi isiwe na nundu leo leo kabla hujalala. Shokapu ziache.

Nikitoa P kwenda D gari inapiga "gdu!" Nimeambiwa gia boksi imekufa.

Huenda, lakini kwanza fungua boneti, mtu akae ndani amekanyaga breki kwa nguvu na handibreki juu, wewe usimame pembeni (sio mbele), aende D, arudi R. Injini ikiruka kama inataka kutoka, ni maunting (mipira inayoshika injini) zimekatika, na gia boksi inasingiziwa. Injini ikitulia, kagua oili yake, ya automatiki nyingi inakuwa nyekundu na haina harufu kali, ukikuta nyeusi inanukia kuungua basi fundi wako anaweza kuwa sahihi. Uliza pia kama kuna mtu aliweka ATF (oili ya gia boksi ya automatiki) ya kawaida kwenye CVT, ile automatiki ya mkanda, manake zile ni oili mbili tofauti na CVT haisamehi.

Mlango wa dereva kioo hakishuki, loki haifanyi, spika kimya. Milango mingine mizima.

Fungua mlango, ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi, uvute utoke. Waya zimekatika humo, zimekunjwa na kukunjuliwa miaka yote. Unga kwa soda (risasi ya kuyeyusha kwa pasi ya umeme) na weka mpira wa kuzuia maji, usisokote kwa mkono na selotepu utarudi hapa tena.

Kapeti ya abiria wa mbele inalowa na mvua hakuna, na taa ya eabegi imeanza kuwaka.

Onja kwa pua. Maji matupu, bomba la kutolea maji ya AC limeziba, lizibue kwa upepo kutokea chini. Yananata na harufu yake ni tamu tamu, hiyo ni kulanti, rejeta ndogo ya hita inavuja. Vyovyote vile nyanyua kapeti leo, sedani nyingi zinapitisha soketi za umeme hapohapo chini, na wewe kwenye meseji umesema taa ya eabegi imeanza kuwaka.