Kwa mwanangu, kabla hujatia sahihi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Wauliza kama uache kipindi chako cha asubuhi redioni ukaendeshe hicho cha usiku runingani, na kama watu waliokuzoea kwa sauti watakukubali wakikuona uso.

La uso halinipi shida. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alifanya kazi zote mbili, redio na runinga, na kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, alichokianza 1966, kilidumu zaidi ya miaka hamsini. Hapa kwetu Kisauni, Mombasa, timu ya taifa Harambee Stars wakicheza, tulikwenda kwa jirani mwenye runinga, tukaizima sauti, na babu yako akaitua redio yake mezani. Macho kwenye picha, masikio kwa Mambo akitangaza mechi. Bila hivyo babu yako alisema hajaona mpira.

Mimi nataka tuongee habari ya sauti yako na nani ataishika. Nimekwambia tangu uko chuo: msikilizaji huamini sauti kabla hajayapima maneno.

Jumapili ile ya 1 Agosti 1982 mjomba wako huisimulia kila Krismasi, lakini yeye hukimbilia habari za maduka ya Nairobi yaliyovunjwa. Yaliyotokea sebuleni kwetu huyaruka. Babu yako alikuwa anapiga viatu rangi, twende kanisani Kengeleni. Redio iko wazi. Mara akaja Mambo: serikali ya Rais Moi imepinduliwa, wanajeshi wameshika nchi. Babu yako akaweka brashi chini. "Huyu ni Mambo," akasema. "Basi ni kweli." Akafunga mlango, na siku hiyo hakutoka mtu. Ingekuwa sauti nyingine, nakuapia, angemaliza viatu vyake akaenda ibadani.

Mambo alikuwa ametolewa kitandani na askari wa jeshi la anga, Hezekiah Ochuka, kiongozi wa mapinduzi hayo, akiwa pamoja nao, akapelekwa studio za Sauti ya Kenya, redio ya serikali, kwa mtutu wa bunduki. Alilisimulia jambo hili mwenyewe kwa miaka mingi, wala hakulificha. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu wakakikomboa kituo, na sauti ileile ikatuambia serikali ya Moi ingalipo.

Sasa hapa ndipo paniumapo. Wajua mchezo wetu wa kujibu redio, maana wewe mwenyewe uliurithi. Mambo alieleza kisa cha mtu asiye na adabu, akauliza je, huu ni ungwana, na babu yako kutoka kwenye kiti chake: "Si ungwana!" Sisi watoto tukaitikia, na mama akicheka jikoni. Baada ya Agosti ile kipindi kiliporudi, Mambo akauliza, sisi tukaitikia. Babu yako kimya. Nilimgeukia nikadhani hakusikia. Alisikia. Hakujibu tena, wiki ile wala miaka iliyofuata, ingawa redio hakuizima hata mara moja.

Mjomba wako asema mzee alimwona Mambo kigeugeu. Nimegombana naye kwa neno hili, nalo bado lanichoma. Mtu aliyewekewa bunduki asome, angefanya nini? Angekataa, wangempiga risasi na kumtafuta mwingine. Wakenya wengi hawakumshika ubaya. Alikaa kwenye maikrofoni miaka mingine mingi, na alipofariki 7 Februari 2025, ana miaka 84, watu walimlilia kama wa nyumbani. Kwa hiyo babu yako alimwonea.

Au hakumwonea. Kumbuka Mambo alikuwa mtoto wa Frere Town, kama sisi. Wazee wake walikombolewa utumwani wakaletwa hapa ng'ambo ya kisiwa, na James Mbotela, wa ukoo wake, ndiye aliyeandika historia ya watu hao mwaka 1934. Huenda babu yako hakumkasirikia Mambo kabisa. Huenda kilichomkaa kooni ni kumsikia mzao wa waliokombolewa akiamrishwa tena cha kusema. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa.

Ila hili nalishikilia: Mambo aliazimwa sauti kwa nguvu, asubuhi moja, na nyumba moja tu ya Kisauni ilibadilika hivyo. Wewe hutawekewa bunduki. Wewe utaletewa karatasi dakika tano kabla ya kuingia hewani, na mtu wa matangazo ya biashara akitabasamu, au mtu wa chama fulani. Asubuhi redioni unachokisema umekiandika mwenyewe. Nakusikia, najua maneno yako. Huko, nani ataandika? Ukikataa kusoma, ni nani mwenye neno la mwisho? Msikilizaji atakuamini kabla hajapima, mwanangu, na deni litakuwa lako.

Sisemi usiende. Nilitaka kusema, nimeandika mstari mzima nikaufuta, kwa sababu mshahara huo naujua maana yake na kodi ya Nairobi naijua pia. Nina langu moyoni, na nadhani umeshalisoma.

Ukikutana nao Alhamisi, swali hilo uliulize wewe kabla hawajafika kwenye pesa, na jibu walitie kwenye mkataba. Halafu nipigie usiku. Mchana nitakuwa kwa shangazi yako Likoni na kule simu hazishiki vizuri.

Mamako