Kuusoma mshale wa joto katika Hiace ya zamani

Dereva anayeanza kazi na Toyota Hiace ya zamani katika njia ya Kigoma kwenda Kasulu, ambako gari huondoka karibu na usawa wa ziwa, takribani mita 770, na kupanda vilima likiwa limejaa abiria, mara nyingi huambiwa jambo moja tu kuhusu geji ya joto: mshale usifike kwenye H, alama ya joto kali. Agizo hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa sababu namna mshale unavyotembea hueleza mengi kuliko mahali uliposimama.

Jua kwanza mahali mshale unapotulia gari lako likiwa halina hitilafu, maana magari mawili ya aina moja huweza kutofautiana. Mshale ukipanda kidogo mlimani na kurudi wenyewe kwenye tambarare, injini ilikuwa imeelemewa tu. Lakini ikiwa mlima huohuo haukuwa ukiupandisha hapo awali, ishuku rejeta, kipoza maji ya injini, kuwa imeanza kuziba. Mshale ukipanda gari linapounguruma stendi na kushuka likishika mwendo, kagua feni. Mshale usiotoka kwenye C, alama ya baridi, safari nzima aghalabu huashiria thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) iliyokwama ikiwa wazi, au iliyong'olewa, mtindo ambao mafundi wengi wanaupenda na mimi siuafiki, kwani injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa mapema.

Wa kuogopwa zaidi ni mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa hubaki kwenye hewa, na geji huweza kuonyesha ubaridi wakati hedi, kichwa cha injini, inaungua. Hapo joto linalopenya kwenye kiti chako, kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele, ni shahidi wa kuaminika kuliko dashibodi. Simama, zima injini, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa, kwani maji yaliyobanwa na mgandamizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na hufoka mara mfuniko unapolegea.

Mshale unaoruka hadi H unapofungua swichi tu, injini ikiwa baridi, hausemi habari za joto. Katika magari mengi ya zamani sensa ina waya mmoja: ukichunika na kugusa bodi, mshale hupanda, ukikatika, hubaki C. Tazama na geji ya mafuta, na zikipanda zote mbili kwa pamoja, mwite fundi umeme kabla hujanunua rejeta.