Gari la Zamani Lililobadilishwa: Linaitwaje, na Je, Limepatiwa?

Maswali mliyonitumia safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: gari kuukuu likishapita mikononi mwa fundi, tuliite jina gani, na tutajuaje kama fundi kapatia au kaliharibu. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kila gari la kizamani lenye injini kubwa na lisilo na madigadi naona watu wanaliita hotirodi. Rafiki yangu anasisitiza lake ni stritirodi, na mwenzake mwenye gari aina ya Mercury anasema lake ni kastomu. Kuna tofauti, au ni majina ya kujitapa tu?

Tofauti ipo, na utaiona ukiuliza gari lilibadilishwa kwa ajili ya nini.

Hotirodi ilizaliwa kwenye mbio. Miaka ya 1930, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakipeleka Ford zilizochakaa kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, kupimana nani ana mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda chama cha kusimamia mbio, SCTA, ili zipimwe kwa utaratibu. Kisichosaidia mwendo kiling'olewa: madigadi, bampa, boneti, wakati mwingine hata kioo cha mbele. Kabla ya hapo, mwaka 1932, Ford walikuwa wametoa injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 3.6, nguvu farasi 65, ndani ya gari ambalo mtu wa kawaida aliweza kulinunua. Injini hiyo ilipoanza kupatikana kwa bei ya mitumba, moto ukawaka. Ndiyo sababu Ford ya 1932 mpaka leo inaheshimiwa kuliko ndugu zake wote.

Kastomu haina haraka. Kazi yake ni kupita taratibu ikitazamwa. Badala ya kung'oa vitu ili gari liwe jepesi, fundi anashusha paa, anaondoa vitasa vya milango, anazamisha taa ndani ya bodi, na viungo vya bati anavijaza risasi iliyoyeyushwa mpaka gari lionekane limemiminwa kwa mara moja. Ndugu wawili, George na Sam Barris, ndio waliosambaza ladha hii zaidi, na Mercury za 1949 hadi 1951 ndizo zilizokuwa shabaha yao.

Stritirodi ni mtoto wa baadaye. Kwa kawaida ni gari la kabla ya 1949 lililojengwa upya kwa safari ndefu: kiyoyozi, viti vya kukaa saa nane bila kuumwa mgongo, breki za diski. Wapenzi wa hotirodi ya asili huidharau kidogo. Mimi siidharau, anayesafiri na gari lake la 1940 kutoka mji hadi mji analitumia gari kuliko aliyelifunika turubai.

Kwa hiyo hukumu zinatofautiana. Mbele ya hotirodi, uliza kila kifaa kilichobaki: wewe unafanya nini hapa? Ukikuta vikorombwezo vya kromu visivyo na kazi, mwenye gari kachanganya mitindo. Mbele ya kastomu usiulize spidi kabisa. Chuchumaa ubavuni, fuata mstari kwa jicho kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Ukiona umekatika mahali, basi hapo ndipo fundi alipochoka.

Gari langu ni la 1978. Naruhusiwa kuliita "vinteji"?

Nani atakukamata? Lakini ukikutana na Waingereza wa VSCC, klabu ya magari ya zamani ya michezo, kwao neno hilo ni la magari yaliyotengenezwa kati ya 1919 na 1930 tu. La kwako watalicheka kwa adabu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, wao huanzia miaka 30, ila wanataka pia gari liwe limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake na lisiwe la kwendea kazini kila siku. Kwa umri umepita. Kwa masharti mengine, inategemea umelifanyia nini.

Fundi ananiambia anaweza kunishushia paa inchi 4 kwa siku chache. Nitajuaje kama anaijua kazi?

Kabla ya kumuuliza bei, muulize atafanyaje vioo. Akisita, chukua gari lako uondoke.

Kukata nguzo za paa kila mwenye grainda anaweza. Balaa linaanza paa linaposhuka. Nguzo za mbele zimelala kuelekea nyuma, za nyuma zimelala kuelekea mbele. Ukizifupisha, vipande vya chini na vya juu havikutani tena, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo nafasi inavyopanuka. Paa limegeuka fupi. Fundi anayejua ama atalipasua paa na kuongeza bati katikati, ama atazilaza nguzo zaidi, na kila njia ina gharama yake kwenye sura. Kwenye Ford ya 1930, ambayo nguzo zake zinakaribia kusimama wima, kazi ni nyepesi kiasi. Kwenye Mercury ya 1949, yenye paa la mviringo, ni mtihani. Na usisahau milango: fremu za madirisha nazo zinakatwa na kuungwa upya, zikipishana na paa hata milimita chache mlango hautafunga vizuri.

Turudi kwenye vioo. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati kinakatika kwa mkono uliotulia. Kioo kilichokomazwa kwa joto hakikatiki. Ukijaribu kukikata kinasambaratika vipande vidogo vidogo. Na kioo cha mbele kilichopinda, hata kile cha tabaka, kinaweza kupasuka ukiwa umebakiza sentimita moja. Fundi mzoefu hununua cha akiba mapema.

Inchi 4 pande zote si sheria, ingawa watu huzitaja kama dozi. Kwenye Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyopita kwa akina Barris mwaka 1952, paa lilishushwa inchi 4 mbele na 7 nyuma, ndipo likapata ule mteremko unaolifanya lionekane linakwenda hata likiwa limesimama. Gari hilo liliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 2 za Marekani. Kwa hiyo fundi wako akuchoree kwanza, na mchoro uuangalie kutoka ubavuni.

Jambo jingine: wengi wanakuja na sumaku kukagua kama bodi imejazwa puti. Kwenye kastomu ya zamani sumaku itakudanganya, maana risasi nayo haivutwi. Sumaku ikilegea, hujajua bado kama chini kuna kazi ya mikono ya miaka ya 1950 au ndoo ya puti ya juzi. Angalia upande wa ndani wa bati, nyuma ya zulia na ndani ya buti. Huko hakuna anayepaka urembo.

Loraida zina rimu ndogo, zinaruka-ruka, na zinatambaa kama zina aibu. Huo ni ufundi au ni mchezo wa kitoto?

Ni ufundi, na ndani yake kuna ukaidi wa kupendeza. Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, hasa Los Angeles, walikuwa wakishusha magari yao tangu miaka ya 1940. Ilikuwa kawaida kutia mifuko ya mchanga kwenye buti. Wakati wenye hotirodi wanataka kasi, wao walitaka kwenda polepole na kwa madaha. Mwaka 1958 California ikaanza kutumia sheria iliyokataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu ya bodi iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga kwenye Corvette yake, X-Sonic, pampu na silinda za haidroliki zilizotoka kwenye mabaki ya ndege. Polisi akitokea, gari linanyanyuka. Polisi akipita, linalala tena. Sheria hiyo ilikuja kufutwa California kuanzia Januari 2024, pamoja na ruhusa ya miji kukataza matembezi ya polepole; zaidi ya miaka 60 ya kupandisha na kushusha.

Hukumu ya loraida ina sehemu mbili. Rangi kila mtu anaiona: tabaka za rangi inayopenya mwanga juu ya msingi wa fedha au dhahabu, michoro, vibati vya kuchongwa. Sehemu ya pili iko chini. Impala za 1958 hadi 1964 zina chasisi yenye umbo la herufi X, isiyo na mihimili ya pembeni, na kuruka kunaichosha vibaya. Lala chini utazame: imeongezewa bati la nguvu? Michomeleo ni ya mshono mmoja uliotulia au ya matone-matone? Kisha fungua buti. Betri zimefungwa kwa vyuma au zimekaa tu? Mipira ya mafuta imepangwa au imejikunja kama utumbo? Loraida yenye rangi ya ajabu na buti la fujo, kwangu haijamaliza masomo.

Ratirodi si uvivu tu? Kutu, hakuna rangi, kiti cha ndoo.

Nyingi ni uvivu, nakubaliana nawe. Ila mtindo wenyewe ulikuja kama jibu la haki. Hotirodi zilikuwa zimegeuka vito: rangi ya gharama kuliko gari, mwenye nalo anaogopa mvua. Wengine wakasema hapana, turudi kwenye gari la kijana asiye na pesa, lililoungwa kwa kilichopatikana. Mimi naipenda fikra hiyo.

Tatizo ni pale umaskini unapoigizwa. Kutu ya kweli ina mantiki. Jua hupiga paa, boneti na mgongo wa buti, hivyo rangi huanza kufa huko. Kwenye mlango wa dereva utaona pamechakaa ambapo kiwiko kimeegemea miaka yote. Chini ya ukingo wa paa, ambapo jua halifiki, rangi ya kiwandani bado ipo. Kutu ya kupuliziwa chumvi na siki haijui mambo hayo. Imeenea sawa kila mahali, hata chini ya kitasa ambako rangi ilipaswa kubaki.

Na kuna ambalo sina utani nalo. Bodi ichakae utakavyo, lakini fimbo za usukani, breki na michomeleo ya chasisi havina mtindo. Nimeona usukani uliounganishwa kwa viungo vitatu bila beringi ya kushika mhimili katikati, na mwenyewe anajivunia spidi. Gari kama hilo silipi maksi yoyote, hata liwe na mvuto wa namna gani.

Kwa nini magari mengine ya zamani yamenyanyuliwa pua juu kama yanataka kupaa?

Hizo ni gasa, kutoka mbio fupi za moja kwa moja za miaka ya 1950 na 1960, kwenye madaraja ya magari yaliyotumia petroli ya kawaida ya pampu. Matairi ya wakati huo yalikuwa yanateleza, hivyo walinyanyua pua ili gari likiondoka uzito uangukie nyuma, kwenye matairi yanayosukuma. Ukitaka kuitambua ya kweli, chungulia mbele: kuna ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za majani. Kama wamebandika tu vipande vya kunyanyulia kwenye springi za kiwandani, hilo ni gari la kawaida lililoinuliwa mbele.

Nafikiria kutengeneza restomodi, yaani gari la zamani lenye mitambo ya kisasa, labda hata kuweka mota ya umeme. Wazee wa klabu wananiona muuaji. Nani mwenye haki?

Inategemea umeanza na nini. Gari adimu, lenye injini iliyotoka nayo kiwandani na namba zinazolingana, liache. Hapo wazee wana haki na mimi niko upande wao. Lakini bodi iliyookotwa haina injini wala gia, ambayo hakuna angeirudisha kama ilivyokuwa, ukiipa chasisi imara na mitambo ya kisasa umeiokoa.

Restomodi nzuri inasoma kama gari la zamani mpaka uliendeshe. Kasoro ninayoikuta mara nyingi ni mpangilio wa matumizi: pesa zote zimekwenda kwenye injini, halafu mbele kuna breki za dramu na nyuma difu ileile ya mwanzo. Anza na breki, fuatia usukani na springi, halafu upoozaji. Injini iwe ya mwisho. Wanaojenga protaringi, yaani magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970 yaliyofundishwa kukata kona, wamelielewa hili vizuri kuliko wengine.

Kuhusu umeme, FIVA walisema wazi mwaka 2019: gari la kihistoria likibadilishiwa injini na kuwekewa mota ya umeme haliingii tena katika tafsiri yao. Hawakukataza mtu kufanya; walishauri mabadiliko yawe ya kurudishika, na vilivyotolewa viwekewe alama na kutunzwa. Ushauri huo ufuate hata usipoweka umeme. Usitoboe chuma ambacho ungeweza kukifunga kwa kibanio.

Gari langu linang'aa kuliko lililoshinda. Waamuzi wanatazama nini?

Kung'aa kila mtu analeta, kwa hiyo hakumtofautishi yeyote. Waamuzi wazuri hutazama nafasi kati ya mlango na bodi: je, upana ni uleule kutoka juu hadi chini? Hutazama skrubu kama mipasuo yake yote imeelekezwa upande mmoja. Hutazama kama waya umepita njia ya maana. Hulala chini. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoangukia, huuliza kama vitu vyote vinazungumza lugha moja: rimu za 2015 juu ya kastomu ya ladha ya 1952 zinakugharimu hata zikiwa safi.

Pia soma masharti. Tuzo ya Ridler, inayotolewa kwenye maonyesho ya Autorama ya Detroit tangu 1964, inapokea gari ambalo halijawahi kuonyeshwa popote. Ukilipeleka mahali pengine kwanza umejitoa. Ile ya roadsta nzuri kuliko zote Marekani, iliyoanza Oakland mwaka 1950, ni ya magari ya wazi, kwa hiyo usipeleke lenye paa la kudumu. Na maonyesho ya Pebble Beach huko California, waliopima magari ya kifahari tangu 1950, hawakuwapa hotirodi daraja lao mpaka 1997.

Kwako wewe, naomba picha ya ubavuni, ya chini, na ya buti likiwa wazi. Ile uliyotuma imepigwa kwa mbele wakati wa machweo, na hapo hata tela lingependeza.