Soko Lipi Liachwe Liamue?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama serikali iyalazimishe makampuni ya umeme kupata sehemu ya umeme wao kutoka vyanzo jadidifu, yaani visivyoisha kama jua na upepo, au soko huria liachwe liamue. Nilikusudia kujibu kwa ufupi kwamba amri za namna hiyo ni makosa, kwa kuwa wabunge hawana uwezo wa kubashiri teknolojia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliagiza galoni bilioni 16 za nishati ya mimea itokanayo na selulosi, yaani nyuzi za mimea kama mabua, zitumike mwaka 2022. Viwanda havikukaribia kiasi hicho, na lengo likawa linapunguzwa kila mara.

Hata hivyo, kila nilipoandika neno "soko" nilikumbuka zahanati.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya shule tulipofunga paneli za sola juu ya paa la madarasa. Wakati wa likizo betri zilijaa kabla ya adhuhuri, na umeme wa mchana kutwa ukakosa wa kuutumia. Ng'ambo ya ua palikuwa na zahanati ambayo umeme wake ulikatika mara kwa mara, na muuguzi alikuja mwenyewe kuniomba tumvutie waya kwa ajili ya jokofu la chanjo. Nilikubali papo hapo. Fundi ndiye aliyetuzuia, akitueleza kwamba kampuni moja tu ndiyo yenye leseni ya kusambaza umeme katika eneo lile. Tuliiandikia kampuni hiyo kuomba kibali, au angalau mita ya kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka, na baada ya miezi saba tukajibiwa kwamba maombi ya aina hiyo hayana utaratibu. Muda wote huo muuguzi alihifadhi chanjo katika jokofu la shule, akipita getini asubuhi na jioni na kisanduku cha baridi mkononi, ilhali waya wa mita thelathini ungetosha.

Pale hapakuwa na soko la kuachiwa uamuzi. Palikuwa na muuzaji mmoja, naye alilindwa na sheria. Serikali ilikuwa imekwisha kuingilia kati zamani, tena kwa upande wa muuzaji huyo. Ndiyo maana naiheshimu sheria ya Marekani ya 1978 iliyoyalazimisha makampuni kununua umeme wa wazalishaji wadogo kwa kiwango cha gharama ambayo yangeiepuka kwa kutouzalisha au kutoununua kwingine. Huko Texas, sheria ileile ya 1999 iliyofungua ushindani wa umeme ndiyo iliyoagiza megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu ifikapo 2009, na lengo hilo lilivukwa mapema, hasa kwa nguvu ya upepo.

Kwa hiyo, kinyume na nilivyokusudia, leo ningepiga kura ya ndiyo, ila kwa masharti. Amri isichague teknolojia, iwe na tarehe ya kukoma, na gharama yake ionekane wazi kwenye bili ya mteja. Bei iliyoahidiwa isigeuzwe baada ya watu kuwekeza, kama ilivyotokea Hispania, ambako malipo yaliyoahidiwa wazalishaji wa sola yalipunguzwa kuanzia 2010. Na iwapo bunge litakataa mengine yote, kipengele cha mita ya kuhesabu pande zote mbili ningetaka kipite peke yake.