Je, majeshi kwanza, maendeleo baadaye? Tuitazame Cabo Delgado

Ndugu, umeuliza kama haitoshi kurejesha usalama kwa silaha, kisha maendeleo yafuate yenyewe. Mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, unatia shaka mpangilio huo. Gesi iligunduliwa katika bahari yake mwaka 2010, ukafuata mpango wa kuwahamisha wakulima na wavuvi wa rasi ya Afungi, palipotengwa kwa kiwanda cha gesi, katika mkoa uliokuwa miongoni mwa maskini zaidi nchini. Hivyo mashambulizi yalipoanza katika mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, waasi waliwakuta vijana wengi wasioona fungu lao katika utajiri huo. (Sisemi kwamba umaskini peke yake huzaa uasi, itikadi kali ya kidini nayo ilichangia.) Mji wa Palma, jirani na Afungi, ulivamiwa Machi 2021, kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa takriban dola bilioni 20, na Julai wanajeshi wa Rwanda na wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) wakaingia. Miji mikubwa ya mkoa ilikombolewa, lakini mashambulizi hayakwisha, kwani askari hulinda barabara, ila hana mamlaka ya kuamua fidia ya ardhi wala mgawanyo wa mapato ya gesi, na hayo ndiyo malalamiko yaliyotangulia kuwasili kwake.