Mikutano ya AA Mombasa: naipata vipi, na nikifika nitafanya nini?

SWALI: Salaam aleikum mshauri. Mimi ni fundi wa stima, naishi Likoni. Pombe nimeiacha mara tatu na kuirudia mara tatu. Sasa nataka kwenda kwenye mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) niliyoisikia kwa mwenzangu. Naipata wapi? Lazima nitoe jina na kitambulisho? Mimi ni Mwislamu, na nasikia hukutania makanisani. Nikionwa je? Tena nianze lini, maana kila asubuhi mikono hutetemeka mpaka nitoe loki, yaani nijitulize kwa mnazi kidogo.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naanzia mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo uliponishtua.

Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia ukionja mnazi (wenzetu wa Tanzania huita kuzimua) ni dalili kwamba mwili wako sasa unaidai pombe. Mtu wa hali hiyo akiikata ghafla, mitetemeko na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu tone la mwisho. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na hali hiyo huua. Kwa hivyo usijifungie chumbani usiku wa leo ukasema umeacha. Nenda hospitali kwanza, umwambie daktari kiasi unachokunywa kweli, usikipunguze kwa haya. Zipo dawa za kutuliza mwili zinazotolewa kwa siku chache huku kipimo kikishuka, pamoja na vitamini B1. Mkutano hauna dripu.

Lakini si lazima umalize dawa ndipo uende mkutanoni. Sharti la pekee la kuwa mwanachama wa AA ni kutamani kuacha kunywa. Kutamani tu, hata kama bado hujaacha.

Kuipata sasa. Ukitafuta Alcoholics Anonymous Kenya kwenye intaneti utaona siku, saa na mahali. AA wenyewe pia wana programu ya simu ya bure, Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu nawe. Usiamini orodha moja kwa moja: vikundi huhama ukumbi, na hakuna kinachovunja moyo kama kufika ukakuta kufuli. Piga simu kwanza. Wakati huo huo uliza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi huingia yeyote, hata mkeo. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe tu, na kwa hofu yako ya kuonwa nakushauri uanzie huo. Ukikwama, nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure. Huku kwetu pwani, kwa sababu ya unga (heroini), usipuuze vikundi vya NA (Narcotics Anonymous), ndugu wa AA kwa watumiaji wa dawa za kulevya: kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya, hutarudishwa mlangoni.

Kitambulisho hakuna atakayekuuliza. Jina ni la kwanza tu, tena lile unalopenda kuitwa. Mkutano huchukua kama saa moja au moja na nusu. Husomwa maneno ya ufunguzi na zile hatua 12 za AA za kuacha pombe, kisha watu huzungumza kwa zamu na hakuna anayemkatiza mwenzake wala kumpa ushauri. Zamu ikikufikia, "Naitwa fulani, leo nasikiliza" inatosha kabisa. Kapu la mchango likipita, mgeni halazimiki kutoa. Ni la kodi ya ukumbi na chai, kwa kuwa AA haipokei pesa kutoka nje.

Kuhusu kanisa: ukumbi hukodiwa tu, kama mnavyokodi wa harusi. Hatua zenyewe humtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", kwa hivyo mwite unavyomwita. Sala fupi ya kufungia ikikupa tabu, nyamaza. Nimeona Waislamu wakifanya hivyo na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Kuonwa? Atakayekuona ndani naye yuko ndani. AA ilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, waliogundua kwamba anayezungumza na mlevi mwenzake hujizuia yeye mwenyewe. Na si hadithi tu: mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba,, ya tafiti 27, yalikuta mipango inayowaingiza watu AA kwa utaratibu ikishinda tiba nyingine zilizozoeleka katika kumfanya mtu akae bila kunywa kabisa.

Usihukumu kwa mkutano mmoja. Kikundi kimoja kina wazee watupu, kingine kelele. Jaribu vitatu vinne. Wakongwe humwambia mgeni ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Kwa mtu wa Likoni anayevuka kwa feri hilo ni gumu, ila siku za katikati unaweza kujaza na ya mtandaoni. Ukimwona mtu aliyekaa miaka bila pombe na maneno yake yanakuingia, mwombe nambari. Huyo ndiye anaweza kuwa sponsa wako, yaani wa kumpigia kabla ya glasi, si baada yake. Kwa kawaida mwanamume humchukua mwanamume.

Jambo la mwisho ni feri. Mkutano wa jioni huisha saa ile ile mangwe (kilabu cha mnazi) inapochangamka, kwa hivyo panga njia ya kurudi nyumbani kabla hujaondoka.