Kabla hujailaumu darubini yako

Usiku wa kwanza kuipiga picha galaksi ya M74 nilidhani nimeelekeza darubini kusiko. Kila picha ya sekunde 60 ilinionyesha nyota, weusi, na katikati doa hafifu kama pumzi juu ya kioo. Nikafuta zote 40, nikaenda kulala nimenuna. Doa lile ndilo lilikuwa galaksi yenyewe.

Nilidanganywa na namba. M74 huandikwa ina magnitudi (kipimo cha mng'ao) 9 na ushei, na nyota ya kiwango hicho hata darubini ndogo huinasa bila taabu. Ila kwa galaksi, namba hiyo ni jumla ya mwanga wote, kana kwamba umerundikwa kwenye nukta moja. Ukweli ni kwamba umetandazwa kwenye eneo lenye upana wa karibu theluthi ya Mwezi mpevu. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe utakisikia; kitie kwenye pipa uone. M101 nayo ni hivyohivyo: namba yake inavutia, mikono yake, ile mikanda ya nyota inayojisokota kutoka katikati, inasumbua. Anza na M51, ambayo mwanga wake umeshikana zaidi. Umbo lake la kujisokota Lord Rosse, mtazamaji nyota wa Ireland, aliliona kwa jicho tu mwaka 1845, ingawa yeye alikuwa na kioo cha karibu mita 1.8, wewe huna.

Kinachotoa mikono ni giza na saa nyingi. Piga wakati Mwezi haupo, mbali na taa, kisha programu iunganishe picha zako zote ziwe moja. Chenga, yaani vidoadoa vya kelele kwenye picha, zitapungua, lakini kwa ubahili: ukitaka picha safi maradufu ya ile ya saa 1, unahitaji saa 4. Ukitaka maradufu tena, saa 16. Ndiyo maana mimi hurudi kwa galaksi moja usiku baada ya usiku.

Stendi yenye mota, iliyolengwa vizuri kwenye ncha ya anga (pale ambapo anga yote huonekana kuzungukia), si anasa. Anga husogea sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii) kila sekunde moja, na kwa darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000 nyota itakuwa mstari kabla hujapepesa macho.

Usisahau picha za kusahihisha, ambazo programu huzitumia kuondoa kasoro za kamera na vumbi. Za giza unapiga kifuniko kikiwa kimefungwa, muda uleule, joto lilelile. Za weupe mimi hutandaza fulana nyeupe mdomoni mwa darubini alfajiri, bila kugusa kamera wala fokasi. Niliwahi kuziruka, nikaona kiduara pembeni mwa galaksi, moyo ukanienda mbio. Kumbe punje ya vumbi.

Umande ukiingia kwenye lenzi usipanguse na shati (nimeshafanya, alama ipo hadi leo). Funga mkanda wa joto mapema.

Na picha mbichi usifute. Zile 40 zangu zilikuwa dakika 40 nzima, na zingeungana na za jana.